Bata Waliofuata Debe la Daku

Siku ya tatu ya Ramadhani, jua halijatoka, bata kumi wa Kheir walikutwa wakiogelea katika birika la kuoshea miguu kwenye mlango wa msikiti wa mtaa. Wa mwanzo kuwaona alikuwa Bwana Muhiddin, msimamizi wa msikiti, naye hakuwaona kwa macho. Alivua viatu, akapandisha kanzu, akatia mguu majini kama afanyavyo kila Alfajiri, na mguu ukakanyaga kitu chenye manyoya kilichopiga kelele.

Sala ilichelewa. Ilipokwisha, Muhiddin alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Kheir, ya tano kutoka msikitini. Bi Mwanapili, mama yake Kheir, alikuwa bado yuko juu ya mswala.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Kuna salama?"

"Salama, Bi Mwanapili. Shikamoo."

"Marahaba."

"Bata zenu wako msikitini."

Bi Mwanapili alidhani hakusikia vizuri. "Bata gani?"

"Hawa wenye vitambaa vya kijani miguuni. Kumi. Wamo ndani ya birika, na wamelifanya choo."

Vitambaa vile vilichanwa kutoka kwenye kanga ya Bi Mwanapili mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na la kubisha. Alimwita mwanawe. Kheir alitoka chumbani na mkono wa kulia ameuficha ndani ya shuka, kama alivyozoea tangu mafuta ya moto yalipomuunguza katika jiko la hoteli moja huko Kiwengwa. Vidole vilipona, lakini havikunji. Hoteli ilimwambia apumzike, kisha ikamwambia asirudi.

"Maji yangefika kulateni, kile kiasi kisichonajisika upesi, tungekaa tukazungumza," alisema Muhiddin. "Lakini mfereji umekauka tangu juzi, na wewe unajua. Yaliyomo ni machache. Yameshanajisika. Itabidi yamwagwe, birika lisuguliwe, lijazwe upya kabla ya Adhuhuri."

"Sawa," alisema Kheir.

"Sikuja kugombana."

"Najua. Sawa."

Nassra, mke wa Kheir, alikuwa amesimama nyuma ya pazia na upawa mkononi. Alingojea mumewe aseme neno jengine. Kheir alimpita. Alichukua ndoo na kutoka.

Mtaa mzima ulikuwa hauna maji isipokuwa kisima cha Bi Sichana, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kutoka kisimani hadi msikitini si mbali kwa mtu mwenye mikono miwili. Kheir alibeba ndoo moja moja kwa mkono wa kushoto, maji yakimmwagikia mguuni, na kila alipopita mbele ya baraza wanaume waliokaa pale walimfuata kwa macho.

"Kheir, leo umeajiriwa na bata," alisema mmoja.

"Mwache, mtu kafunga," alisema mwengine.

Kilichokuwa kikimtia hofu Kheir si baraza. Ni kamba ya kisima. Kuvuta kamba kunataka mikono miwili, na wanawake wa mtaa walikuwa wamepanga foleni na madumu yao. Lakini kila aliporudi na ndoo tupu alikuta ndoo nyengine imeshajaa, imewekwa pembeni mwa kisima, na Bi Sichana yuko upande wa pili anazungumza na watu kama kwamba ile ndoo imejijaza yenyewe. Ilikuwa hivyo mpaka ndoo ya mwisho. Bi Mwanapili, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, aliliona jambo lile na hakulisahau.

*

Ni Bi Sichana huyo huyo aliyekuja baadaye kueleza bata walitokaje.

"Mie nliamka mapema," alisema, akikaa kwenye mkeka wa Bi Mwanapili na kujifunika mdomo na kanga kwa kicheko. "Nkamsikia Mzee Jaku anakuja na debe lake. Nkachungulia dirishani. Shoga yangu, nkamwona Mzee Jaku mbele, na nyuma yake bata, mstari mmoja, shingo juu, kama watoto wa madrasa siku ya Maulidi. Nkasema labda bado nimelala. Nkarudi kitandani."

"Hukutuita?" aliuliza Nassra.

"Ningesema nini? Njooni mwone bata wanaamsha watu kula daku?"

Nassra alicheka, ingawa hakutaka. Hata Bi Mwanapili alicheka. Kheir peke yake, aliyekuwa ameinama uani akitazama kipande cha bati kilichokuwa mlango wa banda, hakucheka. Bati lilikuwa limelala chini na jiwe la kuliegemeza limesogea. Bata walikuwa wamelisukuma kwa vifua vyao.

Alifahamu kosa lake pale pale. Kheir aliwafuga bata wale kwa utaratibu wake. Hakuwatoa kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu bata hutaga alfajiri, na ukiwaachia mapema mayai utayatafuta kwenye majani ya watu. Hakuwapa chakula asubuhi, ili wakumbuke kurudi. Aliwapeleka bondeni nyuma ya nyumba, ambako maji ya bomba moja bovu yametuama mwaka mzima, akakaa juu ya tofali na fimbo yake, akiwatazama kunguru, maana kunguru wa mtaa wao wa Mpendae huchukua kifaranga mbele ya macho yako, na cheche nao, wale nguchiro, hujificha kwenye magugu. Jioni, kabla ya Magharibi, aligonga kopo la rangi kwa kijiko, na bata wakapanda kutoka bondeni mbio kuja kula pumba. Alianza kuwafundisha kopo mwezi wa Rajabu. Mtaa mzima ulijua kwamba baada ya Rajabu na Shaabani inakuja Ramadhani, na kwamba Ramadhani Mzee Jaku hupita na debe, linalolia kama kopo, kuamsha watu wale daku. Ila hakuna aliyewafikiria bata.

Angeweza kuwaita kwa mdomo. Watu wote huita kuku na bata kwa mdomo. Kheir alichagua kopo kwa sababu hakutaka kupaza sauti.

*

Siku ile ile alifunga bati kwa waya na misumari. Usiku mlango ukahimili, lakini debe lilipopita, bata walirundikana mlangoni wakakanyagana. Asubuhi Nassra alikuta mayai matano yamepondeka na bata mmoja anachechemea.

Siku iliyofuata mambo yalizidi. Hadithi ya Bi Sichana ilikuwa imeshafika kila nyumba, na watoto wa mtaa waligundua kwamba mtu yeyote mwenye kopo anaweza kuwaita bata wa Kheir. Alasiri mmoja akagonga upande wa pili wa barabara. Bata wakatoka bondeni kwa mkupuo, wakaruka mtaro, wakaingia barabarani. Ridhwan, anayepeleka mikate madukani kwa vespa, alikata kona asiwakanyage, akaanguka, na mikate ya futari ikatawanyika juu ya vumbi.

Ridhwan hakuumia sana. Aliinuka, akajipangusa goti, akaanza kuokota. "Bata wazima?" aliuliza. Kheir, aliyefika akihema, alitikisa kichwa kuitikia. Wakaokota mikate pamoja.

Jioni Muhiddin alikuja tena, na safari hii alikuja na wazee wawili wa msikiti. Walikaa barazani. Hawakukataa mkeka, lakini hawakuegemea.

"Kheir, ndugu yangu," alisema Muhiddin. "Birika tuliliosha, yakaisha. Lakini leo ilikuwa mikate, kesho atakuwa mtu. Bata zako wanaitika kila kopo."

"Ndiyo."

"Basi wafungwe. Mchana na usiku. Na Idi ikipita, ukipata mtu wa kuwanunua, wauze. Mjini wapo wanaotaka."

Bi Mwanapili alimtazama mwanawe. Alitaka aseme kwamba ua wao ni hatua nne kwa tano, kwamba bata hawakai katika ua mkavu, kwamba hawa si bata tu. Kheir aliinamisha kichwa.

"Sawa," alisema.

*

Bata wakafungwa. Siku ya kwanza walizunguka ua wakitafuta njia. Siku ya pili walisimama mlangoni tangu saa tatu, saa yao ya kutoka, wakiutazama mlango. Siku ya tatu mayai yalikuwa mawili.

Kheir naye alirudi kitandani. Alilala akiutazama ukuta, kama alivyolala miezi ile ya mwanzo baada ya Kiwengwa, alipokuwa hatoki hata kwenda msikitini. Siku zile watu wakija kumwangalia, alijifunika mkono na kujifanya amelala. Bata ndio waliomtoa. Bata hawangojei mtu apate moyo. Ikifika saa tatu wanataka mlango ufunguliwe. Kwa ajili yao alianza kuvaa shati, akaanza kuvuka mtaa, akaanza kuitikia salamu.

"Leo hakukoga," Nassra alimwambia mkwewe. Walikuwa wanamenya mihogo ya futari jikoni.

"Nimeona."

"Nilimwambia atoke aote jua na bata zake hapo uani. Kaniambia sawa, kageuka ukutani." Nassra alikata muhogo kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. "Mama, mie sisikitiki mayai. Mayai yatakwenda yatarudi. Huyu akirudi kule alikokuwa, mie sijui nitamtoa kwa kitu gani tena."

Bi Mwanapili aliweka kisu chini. Alinawa mikono, akavaa buibui lake, akatoka.

Alimkuta Mzee Jaku chumbani kwake, nyuma ya duka la mkaa, anagongomea debe lake lililopasuka pembe. Jaku alikuwa mtu wa Tumbatu, mwembamba, na masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, labda kwa sababu ya debe lenyewe.

"Asalaam alaykum, Mzee Jaku."

"Wa alaykum salaam. Bi Mwanapili, umekuja kunishitaki?"

"Nimekuja kukuona."

"Wallahi sikugeuka nyuma. Mwaka wa thelathini na mbili huu napiga daku, sijageuka hata siku moja. Nikigeuka mapigo yananipotea. Ningejua nimefuatwa, ningewaongoza pahala pa maana."

"Wanasema hujapata kufuatwa na watu wengi namna ile."

"Na wenye heshima zaidi. Hakuna aliyenitukana." Alicheka, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki. Akaliweka debe chini. "Kheir vipi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

"Amelala tu."

Jaku alifahamu. Akamsogezea kigoda akae.

"Nilitaka nikuombe," alisema Bi Mwanapili, "mwaka huu usipite mtaani kwetu."

"Nisipopita, Sichana ataamka jua limetoka, na atanilaani mpaka Idi. Na hata nikiacha mie, makopo ya watoto utayakataza vipi? Kopo ni la kila mtu, Bi Mwanapili. Kheir awape bata kitu ambacho mtu mwengine hana."

"Kitu gani?"

"Sauti yake, nini tena."

Bi Mwanapili aliitazama mikono yake. "Sauti, Mzee Jaku. Tangu aliporudi Kiwengwa, maneno ya mwanangu nayajua yote. Sawa. Ndiyo. Nimeshiba."

"Basi moja katika hayo limtoke kwa nguvu. Bata hachagui neno."

Kutoka hapo alikwenda kwa Muhiddin. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni, maana alijua akikaa ataanza kulia. Alimweleza kwa ufupi: Kheir atawafundisha bata wamfuate yeye, si kopo. Wapewe muda.

"Na wasipojifunza?" aliuliza Muhiddin.

"Wauzwe. Mimi mwenyewe nitawatia kwenye tenga."

Muhiddin alikuwa mtu wa kufikiri polepole. Alifikiria birika, alifikiria vespa ya Ridhwan, kisha akamkumbuka Kheir na ile ndoo ya mkono mmoja, mguu wa suruali umelowa mpaka gotini.

"Nakupeni mpaka mwezi kumi na saba wa Ramadhani hii," alisema. "Siku hiyo, baada ya Alasiri, Mzee Jaku atapita na debe mbele ya bata, na Kheir atawaita. Wakija kwake wote, hatutazungumza tena. Kwa sasa bondeni waende, lakini asiwaache peke yao."

*

Kazi ngumu haikuwa kuwafundisha bata.

Siku ya kwanza Kheir alisimama uani na bakuli la pumba, bata wakiwa upande wa pili nyuma ya tenga. Alifungua mdomo, akaufunga. Nassra na Bi Mwanapili walijidai wana kazi jikoni.

"Bata," alisema Kheir. Alisema kama mtu anayezungumza na mtu aliyekaa naye. Bata hawakugeuza shingo.

"Bata, bata."

Kwa nyuma ya ukuta sauti ya Bi Sichana ikasema, "Kheir, unawaita au unawasimulia?"

Kheir aliweka bakuli chini akaingia ndani. Siku ya pili alijaribu mara mbili. Siku ya tatu Bi Mwanapili mwenyewe aliwaita, na bata wakaenda kwake, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

Siku ya nne ilikuwa joto kali na kila mtu amechoka. Nassra alikuwa anapakua uji jikoni, mikono imejaa, na bila kufikiri akamuuliza mumewe aliyekuwa uani kama pumba imeshalowekwa. Na Kheir, naye bila kufikiri, akajibu kama alivyokuwa akijibu miaka yote kule jikoni Kiwengwa, wakati sahani zimepangwa na wahudumu wako mbali:

"Tayariii."

Sauti ilitoka nzima, ndefu, ikaupita ukuta. Bata waliruka. Bi Sichana kwake akaangusha kifuniko. Kheir mwenyewe alisimama na bakuli mkononi, amejishangaa.

Nassra alirudi kwenye uji wake na machozi yakamtoka, akasema ni moshi.

Kuanzia siku ile, kila jioni mtaa ulisikia Tayariii, kwanza uani, kisha bondeni, Kheir amesimama juu ya tofali na bakuli kwapani. Watu waliofunga hawakulipenda neno lile kabla ya Magharibi.

"Kheir, utatufuturisha mapema," walimwambia barazani. "Juzi mkwe wangu kasikia tayari, kala tende nzima."

"Mwambie alipe siku moja," alijibu Kheir.

Barazani wakatazamana. Lilikuwa jibu la mtu anayezungumza.

*

Mwezi kumi na saba, baada ya Alasiri, watu walikuwa wengi kuliko ilivyotakiwa. Wanawake walisimama madirishani. Ridhwan alizima vespa yake pembeni, na mkate mmoja ameutia kwapani. Bata walitolewa wakasimama katikati ya uwanja mdogo mbele ya nyumba, wenye njaa tangu asubuhi. Kheir alikuwa mlangoni kwake. Mzee Jaku alikuwa upande wa pili na debe lake.

"Bismillahi," alisema Muhiddin. "Mzee Jaku, piga kama unavyopiga. Usipunguze."

"Sijui kupunguza," alisema Jaku, akaanza.

Debe lililia. Bata wote kumi wakageuza vichwa. Wawili wakapiga hatua kuelekea kwenye debe, kisha wanne. Jaku alikuwa anatembea polepole kuelekea kona ya msikiti, hageuki nyuma, na bata wakaanza kujipanga.

Bi Mwanapili alishika nguzo ya mlango. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu. Alimtazama mwanawe, akamwona ameweka bakuli la pumba chini, anafungua mdomo na kuufunga.

"Kheir," alisema Nassra kwa ndani, taratibu. "Sahani zinapoa."

"Tayariii," aliita Kheir.

Bata wakasimama.

"Tayariii."

Jike anayechechemea ndiye aliyegeuka mwanzo. Akaja anayumba, mabawa nusu wazi, na wenzake wakamfuata, wakakimbia, wakampita, wakamjaa Kheir miguuni. Watu wakaguna kwa furaha. Kisha mtu mmoja akasema, "Tisa."

Dume kubwa, jeupe lenye kichwa cheusi, lilikuwa bado nyuma ya Jaku, shingo juu, linaelekea msikitini.

Kheir aliita tena. Dume halikugeuka. Lilimfuata Jaku mpaka kona, na Jaku akaendelea kupiga, kwa sababu hakuambiwa aache.

"Tulisema wote," alisema Muhiddin. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyetamani asiwe yeye wa kusema.

Bi Mwanapili alifikiria tenga lilipo, chini ya kitanda, na kwamba alikwishatoa ahadi.

Kheir akaondoka mlangoni. Alivuka uwanja mbele ya macho ya watu wote, akalifikia dume kwenye kona, akainama, akalibeba kwa mkono wa kushoto na kulibana kwapani. Akarudi nalo mpaka mbele ya Muhiddin.

"Huyu haitiki," alisema. "Nitambeba. Kila jioni nitamfuata alipo nimbebe. Bondeni nitamfunga kamba mguuni. Na usiku nitamlaza ndani."

"Ndani wapi?" aliuliza Muhiddin.

"Chumbani."

"Chumbani kwa nani?" aliuliza Nassra kutoka mlangoni, na watu wakacheka, na Kheir akacheka pia, kicheko kifupi kilichokuwa na kutu kidogo.

"Usiku niachieni mie," alisema Mzee Jaku, aliyekuwa amerudi na debe lake, na hakueleza zaidi.

Muhiddin aliwatazama bata tisa wanaokula pumba, akalitazama na la kumi. "Tisa wanakuja na mmoja anabebwa," alisema. "Wote wako nyumbani. Mimi naona ni kumi."

Mazungumzo, vicheko na kumsifu yule jike anayechechemea viliwachukua watu mpaka jua likazama bila ya wao kujua, na adhana ya Magharibi ikawakuta wamesimama pale pale nje. Mtu akakimbilia msikitini, akarudi na sahani ya tende. Muhiddin akaichukua akaanza kugawa, mmoja mmoja.

Kheir alikuwa hajafuturu na watu tangu aliporudi kutoka Kiwengwa. Alikuwa akifuturu chumbani, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, mlango umefungwa. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa umebana dume, na dume linapapatika, akiliachia litakwenda. Sahani ilikuwa imeshafika mbele yake.

Akautoa mkono wa kulia. Ulikuwa umetulia wazi, ngozi yake inang'ara, vidole vimenyooka vyote vitano.

Muhiddin hakuutazama zaidi ya mikono mengine. Aliweka tende katikati ya kiganja, ambako haitaanguka, akasema, "Allah akutakabalie," akaenda kwa mwengine. Kheir akainua kiganja mpaka mdomoni.

Bi Mwanapili aligeuka akaingia ndani, akajishughulisha na birika la chai lisilohitaji kushughulikiwa.

*

Alfajiri ile haijafika, Bi Mwanapili alikuwa macho jikoni, anapasha wali wa daku. Alilisikia debe kwa mbali, upande wa duka la mkaa, likija kama linavyokuja kila mwaka. Lilipofika nyumbani kwa Bi Sichana likanyamaza.

Akasikiliza. Zilikuwa ndara tu, zinaburuta vumbini. Kisha kwenye ubao wa dirisha, mara tatu, kwa kifundo cha kidole.

"Daku, Bi Mwanapili," ilisema sauti ya Jaku, ya chini kabisa.

"Naam. Tushaamka."

Akamsikia anabisha dirisha linalofuata, na linalofuata, nyumba kwa nyumba kwa mkono, debe amelikumbatia, mpaka amalize safu nzima. Uani dume liliguta kidogo, likasikiliza, likanyamaza.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Kheir alikuja jikoni, akatia chai kwenye kikombe, akatoka nje.

"Mzee Jaku," aliita, si kwa nguvu, ila alisikika. "Ngoja kidogo."

Kikombe alikipeleka kwa mikono miwili.